Kona ya Kaluki

Nje ya kibanda cha kahawa cha Mbithe, pale Sultan Hamud karibu na reli ya zamani, kuna taruma moja la mbao, gogo la kubebea reli, lililolazwa juu ya mawe. Nani alilitoa relini akalileta hapo, hakuna anayejua, na anayejua hasemi. Hilo ndilo benchi. Wenyewe wanaliita Stesheni, kwa sababu watu hushuka hapo na hawaendi popote. Fika alasiri, jua likianza kupunguza ukali, utawakuta wameshajipanga. Kuna Mulei, aliyeendesha lori mpaka magoti yakagoma, na wanamwita Breki kwa kuwa akianza kuongea hana. Kuna Githaiga, mtu wa Nyeri mwenye duka la vyuma ng'ambo ya barabara, huyo ni Msumari. Kuna Ndinda muuza mitumba, Redio, ambaye habari ikitokea mji wa Salama asubuhi, kufika mchana ameshaitangaza na kuitia chumvi. Na wa mwisho kufika siku hizi ni Mzee Mbaluka, aliyekuwa gadi wa treni zamani hizo, ndiyo maana akaitwa Filimbi, ingawa tangu amzike mkewe Kaluki hata neno kumtoka ni kazi. Karibu ukae. Ila upande wa kushoto taruma lina msumari, sogea kulia.

Wote hao wana vipande kwenye shamba la kanisa, kule chini penye kisima. Kanisa liliona ardhi imelala bure, likaikata vipande vidogo, kila nyumba ikapewa chake, na karibu wote wakapanda vitunguu. Maji yanatoka kisimani kwa mtaro mmoja, yanapita kwa huyu, yanaenda kwa yule. Na palizi wanalima kwa mwethya, yaani leo wote kwa Ndinda, kesho wote kwa Mulei, majembe yale yale, viatu vile vile. Hivyo ndivyo Wakamba wanavyosaidiana, na Githaiga ameshazoea mpaka akikosa mwethya analalamika kuliko wenye kabila.

Siku hiyo Mzee Mbaluka alikuja na kitunguu kimoja mfukoni mwa koti, amekifunga kwa gazeti. Alikuwa amekificha tangu asubuhi na aibu imemkaba. Mbegu ya kitunguu hicho aliisia kitaluni Kaluki kwa mikono yake, siku zake za mwisho mwisho. Miche ilipokomaa, Kaluki hayupo. Mbaluka akaihamishia shambani mwenyewe, mche mmoja mmoja, mgongo ukimlilia, na iliyobaki akawagawia wenzake wa Stesheni. Chukueni mpande, aliwaambia, ni ya Kaluki. Sasa majani yalikuwa yamegeuka njano kuanzia nchani. Ukivuta, kitunguu kinatoka bila ubishi, mizizi imeoza, na kitakoni pana ukungu mweupe mfano wa unga. Mbaluka aliona amepewa kitu kimoja tu cha kutunza, na amekiua.

Njiani alipita kwenye vipande vya wenzake aone vyao vinaendeleaje. Lakini mambo ya kule chini yalikuwa ya ajabu siku hizo. Kona ya Githaiga ilikuwa imeegemezwa mabati. Kwa Ndinda leso zimeanikwa kwenye ua mpaka huoni ndani. Mulei naye ameegesha mkokoteni umejaa majani makavu, pale pale kandokando ya njia. Mbaluka akasema moyoni, watu wana vitu vingi, akapita.

Alipofika Stesheni hakusalimia sana. Alikaa, akafungua gazeti juu ya goti.

— Jameni, akasema. Hii ni nini?

Mbithe akaacha birika hewani. Wale watatu wakakitazama kitunguu, halafu wakatazamana haraka haraka, halafu kila mmoja akapata kitu cha kutazama barabarani.

— Hiyo ni kitunguu, Filimbi, akasema Mulei.

— Najua ni kitunguu, Breki. Nauliza inaugua nini.

— Ni yako tu, ama? Githaiga akauliza, macho kwenye birika.

— Yangu tu, naona. Zenu ziko sawa?

— Sawa kabisa! wakajibu wote watatu kwa mpigo, kama watu walioulizwa na trafiki kama wamekunywa.

Mbithe akamimina kahawa ya tangawizi, akampa Mbaluka kikombe cha kwanza, ambacho kwa kawaida ni cha Mulei. Mulei hakulalamika. Hilo peke yake lingetosha kumshtua Mbaluka, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye kitunguu.

Ndinda akakohoa, akaanza kurusha matangazo.

— Mimi nitakuambia ni nini. Ni ile treni ya mizigo ya usiku. Inapita na kelele, ardhi inatetemeka, vitunguu vinaamka. Sasa mtoto asiyelala atakua aje?

— Reli iko mbali na shamba, Redio, akasema Githaiga.

— Iko mbali na wewe! Kitunguu haina masikio, inasikia na mizizi.

— Treni imepita hapa tangu babu zetu, akasema Mbaluka. Watu walivuna. Mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya hiyo treni.

— Ile ya zamani ilikuwa polepole, Filimbi. Ile ilikuwa inazibembeleza.

Githaiga akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ya mtu wa hadwea kwa watu wasiojua vyuma.

— Wacheni treni. Shida ni jembe. Jembe za siku hizi si chuma, ni sufuria zimeyeyushwa. Unalima na sufuria, kitunguu inajua imeshafika jikoni. Inakata tamaa mapema.

— Na hapa mjini ni nani anauza hizo jembe? Mbithe akauliza.

— Mimi. Lakini mimi nauza tu, Mama, silimi nazo. Yangu nililetewa na ndugu yangu kutoka Karatina.

Mbaluka akahisi mdomo unataka kutabasamu, akauzuia. Hakuja kucheka. Akakigeuza kile kitunguu, akawaonyesha kitako.

— Angalieni hapa chini. Huu ukungu.

Hakuna aliyeangalia hapo chini. Ungesema amewaonyesha jua. Mulei akaruka na neno lake hata kabla hajameza kahawa.

— Ni lori! Nisikilizeni mimi, hiyo barabara naijua. Lori za vitunguu zinatoka Loitokitok zimejaa mpaka juu, vitunguu vyekundu, vikubwa hivi, zinapita hapa kwenda Nairobi. Harufu inashuka mpaka kwa shamba letu. Sasa zetu zinasikia wenzao wamefaulu maisha, wanaenda mjini. Zitajisikia aje?

— Zina wivu? Ndinda akauliza.

— Zina mawazo. Hata mimi yalikuwa yananishika nikipitwa na dereva wa lori mpya. Unalegea mwili wote. Hata zangu zile za kona zilipoanza ku...

Ndinda akamkanyaga mguu. Alimkanyaga waziwazi, na kisigino.

— ...zilipoanza kunawiri, Mulei akamalizia, machozi yakimlengalenga.

Mbaluka aliona ule mguu. Akamtazama Ndinda, Ndinda akampa tabasamu pana kuliko bei yake ya mitumba, kisha akaingiza tangazo lingine bila kupumua.

— Ama ni kwaya! Si kwaya inafanya mazoezi hapo kwa ua wa kanisa? Mulei anaimba besi. Ile besi inashuka chini, haiendi juu mbinguni. Inapiga vitunguu.

— Besi yangu imeimba harusi ngapi hapa? Mulei akawaka.

— Na ni ndoa ngapi zimesimama?

Hapo Mbaluka alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikavu, cha mtu aliyekuwa amesahau njia yake. Wale wengine wakafurahi kupita kiasi, Githaiga akampiga bega, Mbithe akamwongezea kahawa ambayo hakuomba. Na kwa kuwa walikuwa wamefurahi hivyo, Mbaluka akaona heri aseme lile lililomleta.

— Mimi najua ni nini, akasema. Ni maji. Nilizimwagilia sana. Kaluki alikuwa anajua kipimo. Mimi jioni nakaa pale namwaga maji tu, namwaga tu, sababu nikimaliza ni lazima nirudi nyumbani. Na nyumbani hakuna mtu. Nimezizamisha.

Pikipiki ikapita, vumbi likashuka, hakuna aliyefunika kikombe.

— Si maji, Ndinda akasema kwa sauti ndogo.

— Si wewe kabisa, Githaiga akadakia.

— Mmejuaje?

Githaiga akainua macho juu kutafuta msaada, na kwa kuwa huko juu aliona mbingu tu, akaanzia hapo hapo.

— Ni satelaiti! Hizi za intaneti, siku hizi zimejaa huko juu. Zinapita, zinavuta. Zinavuta maji ya kitunguu yapande juu. Si unaona njano imeanzia kwa ncha? Imeanza juu!

— Eeh! Imeanza juu! Ndinda akapokea kama kwaya.

— Na ndiyo maana hata mimi nywele zimeisha, akasema Mulei, akavua kofia ili watu wathibitishe.

Mbaluka hakucheka tena. Aliwajua hawa watu miaka na miaka. Alijua Ndinda akiongeza chumvi na alijua Ndinda akidanganya, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Walikuwa wanamdanganya. Akafikiri ni kwa sababu wanamwonea huruma, mzee aliyefiwa na kushindwa hata na vitunguu, wanamchezea maneno kama mtoto anayelia. Upweke ukamrudia mara mbili. Akaanza kukifunga kitunguu chake kwa gazeti polepole, ili aondoke.

Wakati huo akafika mwanamke kijana mgeni, ndoo kichwani imefunikwa gunia bichi. Akaitua, akafuta jasho, akawasalimu wote kwa mkono, mmoja mmoja, akianzia na Mzee Mbaluka.

— Naitwa Wariara. Tumehamia hapa juzi kutoka Nyahururu. Kanisa limetupatia kipande kule chini, kile cha mwisho wa mtaro. Hii ni miche nimetoka nayo nyumbani. Wameniambia wenye shamba wanapatikana hapa.

— Umefika, mama. Hapa ndio kwao, akasema Githaiga, amefurahi kusikia jina la kwao.

— Asante. Sitawasumbua. Ni swali moja tu. Nimepita sasa hivi nikaona vitunguu vinaugua kwa vipande vyenu. Kwa kila mtu ugonjwa ulianzia wapi? Ndio nijue zangu nitaweka upande gani.

— Kwa vipande? Mbaluka akauliza. Si ni kimoja tu, mama? Kile changu?

— Hapana, baba. Hata kile cha mabati. Na kile cha leso, na kile cha mkokoteni. Nilifunua leso kidogo nikachungulia, mnisamehe. Ziko njano zote kwa kona, pale kwa njia.

Sasa swali hilo lilikuwa jepesi. Hata mtoto wa chekechea angeonyesha kwa kidole. Lakini Stesheni nzima, ile iliyojibu mambo ya treni na satelaiti, hakuna aliyefungua mdomo. Mulei aliuona udongo wa kiatu chake unahitaji kukwanguliwa. Ndinda akachezea pindo la rinda. Githaiga akanywa kahawa kutoka kikombe kilichokwisha zamani.

Mbaluka aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na ikamwingia taratibu. Kona, pale kwa njia. Alipowagawia ile miche, kila mmoja aliipanda kwenye kona ya njiani, makusudi, ili Mbaluka akipita aione. Kona ya Kaluki, ndivyo walivyoiita wenyewe. Kulikuwa na ya Githaiga, na ya Ndinda, na ya Mulei. Na sasa mabati, na leso, na mkokoteni.

— Redio, akasema. Hizo leso hazijakauka tu?

Ndinda akaanza kulia hapo hapo.

— Tungekuambia aje, Mbaluka? akasema, akaliacha hata jina la Filimbi. Ungepita ukaona zimekufa kwetu sote, ungejisikia aje?

— Msumari, na mabati?

— Ni ya kivuli.

— Kivuli cha kitunguu?

— Filimbi, wacha nikuambie, akasema Mulei, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliongea polepole. Ni ile miche. Nilinunua mingine sokoni Mukuyuni, hiyo bado iko sawa. Zilianza kuugua zile za Kaluki, kwa kila mtu. Tukasema afadhali iwe treni. Afadhali iwe hata besi yangu. Hatukutaka mtu aseme ni mkono wa Kaluki ulileta ugonjwa.

Mbaluka akalifungua tena lile gazeti. Alipoongea, alikuwa anakitazama kile kitunguu.

— Si mkono wake. Ni kitalu. Kila msimu tulikuwa tunahamisha kitalu, tunatafuta udongo mpya. Safari hii hakuweza kutembea. Akaniambia, nitengenezee hapa kwa mlango, pale palipoozea vitunguu vya mwaka jana, hapa nafikia nikiwa nimekaa. Nilijua pale si pazuri. Lakini alikuwa amekaa kwa kiti chake, anamwagilia na kikombe cha chai, anaongea nazo kama wajukuu. Ningemnyima?

— Hungemnyima, akasema Mbithe, na sauti yake ikakatika.

— Singemnyima. Hata leo singemnyima.

Aliposema hivyo akahisi kitu kimemtoka kifuani. Hakuzizamisha kwa maji, wala zile jioni zake za upweke hazikuua chochote. Na hawa watu, na satelaiti zao na upuuzi wao wote, walikuwa wamesimama mbele ya jina la Kaluki lisiguswe na matope. Aliwapenda, na hakujua mtu mzima anasemaje jambo kama hilo juu ya taruma.

— Basi zing'olewe, akasema.

— Mimi sing'oi! Ndinda akaruka. Ngoja mvua kwanza. Pengine zitapona.

— Kitu kimeoza mizizi kinapona na nini, Redio? Udongo wenyewe umeshika ugonjwa. Sisi tunautembeza na majembe kila mwethya, na mtaro ni mmoja. Tukingoja, zitamaliza zile nzuri zenu, na huyu mtoto wa watu yuko mwisho wa maji, atapokea uchafu wetu wote. Zing'olewe leo.

— Haya, akasema Githaiga. Kahawa ikiisha, tunaenda.

Kumbe alikuwa amewafungulia mlango wa kuchelewa. Maana hapo ndipo watu walipoanza kunywa kahawa kwa kuchovya midomo, kama ndege. Mulei aliyemaliza kikombe kwa pumzi moja maisha yake yote, leo alikuwa anakipuliza ilhali kimepoa. Na Mbithe naye, birika lilipokwisha, akaongeza maji ya moto, akamimina tena, akaongeza tena, mpaka ile kahawa ikawa haina ladha isipokuwa ya birika lenyewe, na bado walisema ni tamu. Wariara alikuwa amepewa kikombe chake, akanywa na kukunja uso kwa adabu.

Mbaluka aliwaacha kidogo. Halafu akakifudikiza kikombe chake juu ya taruma.

— Twendeni, jameni.

Walianza kwa Mbaluka, kwa kuwa kipande chake chote kilikuwa cha miche ya Kaluki. Waling'oa bila maneno mengi. Vilivyooza viliingia kwenye gunia la kuchomwa moto, na kila kimoja kilichokuwa bado kigumu Ndinda alikikata upande mbaya kwa kisu, akakitia kwenye kiondo chake. Kabla ya kuingia kwa Githaiga, Mbaluka akawasimamisha wote kisimani, waoshe majembe na nyayo za viatu. Mulei akalalamika kwamba hata siku ya kubatizwa hakuoshwa hivyo. Lakini aliosha. Wakaondoa mabati, wakaondoa leso, wakausukuma mkokoteni, na kona zote za Kaluki zikabaki udongo mtupu. Mbaluka alisimama pale kwake, kipande kitupu mbele ya macho, akasema atapanda mahindi, apumzishe ardhi. Sauti ilimtetemeka, na hakuificha. Githaiga akasema watamwomba mchungaji ampe Wariara kipande kimoja kilichobaki wazi huko juu, karibu na kisima, maji yamfikie kabla hayajagusa kwa mtu.

Waliporudi Stesheni, Mbithe alikuwa amechemsha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa pamoja na maharagwe. Alikichukua kiondo, akavikatakata vile vitunguu vilivyookoka, vidogo vidogo, akavikaanga vyote kwa pamoja, na harufu ikajaa mpaka watu waliokuwa wakipita barabarani wakageuza shingo. Akaumimina muthokoi juu yake. Wakala wamebanana kwenye taruma, Wariara katikati, ndoo yake ya miche imefunikwa vizuri, mbali na viatu vyao.

— Kaluki angeongeza chumvi, akasema Mulei.

— Kaluki angekunyang'anya sahani, akasema Ndinda. Angesema umeshakula nyumbani.

— Alikuwa ananiita Kigiza, sababu ya duka yangu kukosa taa, akasema Githaiga. Mpaka nikaweka taa.

Wakacheka, na Mbaluka alicheka nao, na safari hii kicheko kilijua njia. Wariara alikuwa amelisikia hilo jina tangu alipofika. Akameza, akafuta mdomo, akauliza kwa heshima:

— Kwani alikuwa mtu aje, huyo Kaluki?

Ndinda akafungua mdomo, yeye aliyetangaza habari za kila nyumba kutoka Salama mpaka Emali, na hakuna kilichotoka. Mulei akaanza kusema, akasimama. Githaiga akazitazama kucha zake. Wote wakamgeukia Mbaluka, naye akajaribu, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kupuliza filimbi, akaiacha itoke hivyo hivyo.

Kisha akachukua mwiko kutoka mkononi mwa Mbithe, akainamia sufuria, akatafuta pale chini mpaka akapata kipande kikubwa cha kitunguu cha Kaluki, akamwekea Wariara kwenye sahani.

— Kula kwanza, mama, akasema.